Tulipobadilishana Sahani

Dada yangu Solvej aliniambia ana saratani ya utumbo mpana nikiwa najaza soseji. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku ninayotengeneza medister, ile soseji ndefu ya nyama ya nguruwe ambayo wateja wangu huikatisha kwa kuonyesha mikono, kama wanaonunua kamba. Aliingia kwa mlango wa nyuma, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni, akasimama karibu na sinki, akasema. Mashine ilikuwa inaunguruma. Utumbo wa nguruwe niliouvisha kwenye bomba ulikuwa unajaa na kujiviringa kwenye trei, na mimi niliendelea kuushika kwa vidole viwili usije ukapasuka.

"Umenisikia?" akauliza.

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema una saratani ya utumbo."

"Basi zima hilo lidude, Bodil."

Nikazima. Nikanawa mikono. Nikamwuliza kama anataka kahawa, akasema anataka, nikaenda kuweka maji. Najua dada mwingine angemkumbatia. Mimi nilisimama nikiangalia birika mpaka likachemka, na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba ile trei haipaswi kukaa nje ya friji muda mrefu namna ile. Nilingoja kitu kije, kilio au hofu. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama pale daktari wa meno anapokwisha kukuchoma sindano na wewe unajigusa shavu, unajua ni lako, lakini halijibu.

Sisi ni mapacha wa yai moja. Tukiwa watoto mama alitufunga utepe wa rangi mbili tofauti ili asimnyonyeshe mmoja mara mbili. Tulizaliwa kwenye shamba la nguruwe magharibi ya Limfjord, mkono mrefu wa bahari unaoingia bara, na baba alipochoka na nguruwe wazima akafungua duka la nyama mjini. Mimi nilibaki dukani. Solvej alikwenda shule ya mazoezi ya viungo, akarudi mwalimu, na kwa miaka yote iliyofuata alifundisha nusu ya wilaya kuruka na kupinduka. Asubuhi uji wa oti na mbegu za kitani. Mchana mkate mweusi wa nafaka ya rai, mzito kiasi cha kumuua mtu ukimtupia. Jioni sukuma wiki, dengu, karoti, samaki. Alikuwa anaoga ukingoni mwa fjord Januari, barafu ikiwa imeshika kwenye ngazi ya gati.

Mimi nilikula nilichouza. Maini ya kusaga ya kuoka juu ya mkate mweupe, nyama ya kuvutwa moshi, mgongo wa nguruwe na ngozi yake iliyokauka ikalia mdomoni. Solvej aliniita Bibi Soseji. Mimi nilimwita Sungura. Tukikutana kwenye karamu angenishika kiuno mbele ya watu na kusema, "Tazameni, huyu ni mimi nisiyejipenda." Watu walicheka, nami nilicheka. Ilikuwa kweli, na wala haikuniuma.

Kwa hiyo habari zilipotoka, mji mzima ulielewa vibaya. Walisikia kwamba mmoja wa mapacha wa mchinjaji anaumwa utumbo, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni yupi. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wangu tangu enzi za baba aliingia, akanipa maua juu ya kaunta, halafu akaagiza nyama ya kusaga kwa sauti ya msibani. Mchungaji Tage alikuja mwenyewe, amevaa kofia ya baiskeli, akanishika mkono wenye glovu ya plastiki.

"Bodil," akasema, "nimekuja tu ili ujue hauko peke yako."

"Si mimi, mchungaji."

"Samahani?"

"Mgonjwa si mimi. Ni Solvej."

Akaniangalia. Akaangalia soseji zilizoning'inia nyuma yangu. "Solvej?" akasema, kama mtu anayemsahihisha karani. "Yule anayekimbia?"

"Huyo huyo."

"Basi… basi mpe salamu," akasema, na akaondoka na kofia yake bado kichwani. Nilimhudumia aliyefuata.

Walimpasua Solvej mwezi uliofuata katika hospitali kubwa. Walitoa kipande cha utumbo pamoja na uvimbe, wakaunganisha panapounganika, na wakatuambia kuna madoa mawili kwenye ini ambayo hawakuyapenda. Daktari aliyekuja kutueleza aliitwa Malthe Brøns, mwanamume mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye nusu ya juma alitibu na nusu nyingine alichunguza bakteria wa tumboni. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Solvej alilichukulia kuwa dalili mbaya.

"Wakikaa, ujue mambo hayako sawa," aliniambia, na daktari akiwa palepale anasikia.

"Ninakaa kwa sababu mgongo unaniuma," daktari akasema. "Uliza lolote."

"Nina swali moja. Kwa nini mimi?" Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Mmeona huyu hapa? Damu ile ile, mama yule yule. Huyu amekula nguruwe mzima, na mkia. Mimi nimekula mkate wa rai miaka arobaini. Daktari, nadhani mmekosea mtu."

Daktari hakucheka. Alisema, "Ngoja nikueleze ninachokijua, halafu nitakueleza nisichokijua. Ndani ya utumbo mpana mna bakteria wengi mno, na wanakula kile ambacho wewe umeshindwa kukisaga. Ukiwapa nyuzinyuzi, za rai, maharage, kabichi, wanatengeneza asidi fulani ambayo ukuta wa utumbo unaitumia kama chakula. Ukuta ukishiba, unatulia. Ukiwapa nyama nyingi kila siku, hasa ile ya chumvi na moshi, wanastawi wengine, na hao wanatoa vitu vinavyouchoma ukuta kidogo kidogo. Mwaka mmoja si neno. Maisha mazima ni neno."

"Hilo nimelisoma kwenye magazeti yote," Solvej akasema. "Ndiyo maana nauliza."

"Sawa. Nisichokijua sasa. Kwenye uvimbe wako tumekuta bakteria ambao kwa kawaida makao yao ni mdomoni. Kama wao ndio walioleta ugonjwa, au waliukuta wakaona pazuri wakahamia, sijui. Halafu wapo wengine ambao mtu huwapata akiwa mtoto mchanga, wanaotoa sumu inayojeruhi chembe za mwili, na jeraha lile linakaa kimya miaka na miaka. Mlikulia zizi moja, mlikunywa kisima kimoja. Huenda lilianzia huko. Chakula kizuri kinapunguza uwezekano, Solvej. Hakiuondoi."

"Kwa hiyo nimekula nyasi bure."

"Huenda bila hizo nyasi ungeletwa hapa ukiwa na miaka arobaini."

"Huenda."

"Ndiyo, huenda. Sina neno zuri kuliko hilo."

Solvej akageuza uso upande wa dirisha. Nje palikuwa na maegesho na mvua. Daktari akanigeukia mimi, akaniuliza kama ninatuma kile kipimo cha choo ambacho kila aliyevuka hamsini hutumiwa nyumbani. Nikasema hapana. Mume wangu, Verner, alikuwa na msemo wake kwamba serikali ina kazi ya kutosha bila kuipelekea na choo chetu, tukacheka na vile vikopo tukavitupa.

"Basi kipimo cha choo tunakiruka," akasema. "Kwako wewe nataka kamera ya kuingiza utumboni."

"Nitafikiria," nikasema.

"Atakuja," Solvej akasema, bado ameangalia dirisha. "Mwandike."

Siku moja kabla ya kamera unakunywa maji ya dawa, lita kwa lita, mpaka tumbo lako linakuwa bomba la mvua. Solvej alikuja kukaa nami. Alikuwa amekonda, mshono bado unamvuta akisimama, na alikaa kwenye kiti ukumbini nje ya mlango wa choo, miguu juu ya kasha, akinisomea mafumbo ya gazeti.

"Mnyama wa shambani, herufi saba."

"Niache, Solvej."

"Huyu unamjua, Bibi Soseji. Umemla."

Verner alipita na ndoo. "Shemeji," akamwambia, "mwonee huruma mwenzako."

"Nimemwonea miaka sitini, shemeji. Leo napumzika."

Kesho yake walinilaza ubavu na wakanipa dawa ya kunituliza, ingawa nilitaka kuwaambia wasijisumbue. Niliona kila kitu kwenye skrini. Utumbo wangu ulikuwa wa rangi ya waridi, wenye mikunjo, unang'aa. Nimeshika matumbo maisha yangu yote, nimeyasafisha, nimeyageuza, nimeyapuliza kuona kama yametoboka, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hili ni zuri, lingefaa. Kisha kamera ikapinda kona na pakawa na kinyama kama uyoga, kimesimama juu ya kikonyo. Halafu kingine. Halafu cha tatu kipana, kimelala, ambacho muuguzi alikitazama akaacha kuzungumza. Waya mwembamba ukatoka, ukakizunguka kila kimoja, ukakata. Sikusikia maumivu.

"Hivi ndivyo huanza," daktari aliniambia baadaye. "Kile kikubwa kilikuwa kimeshaanza kuharibika, lakini hakijaota mizizi. Tumekitoa chote. Ungengoja miaka miwili mitatu, mazungumzo yetu yangekuwa mengine."

"Una bahati sana," muuguzi akasema, akanipapasa bega.

Nikasema ahsante. Nikavaa soksi.

Solvej ndiye aliyeendesha kurudi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimepewa dawa. Hakusema neno mpaka tulipovuka daraja. Hapo akapaza sauti ghafla, mikono yote miwili ikiwa imekaza usukani.

"Nikwambie ukweli? Asubuhi nilikuwa naomba wakukute safi. Halafu ulipoingia mle ndani nikakuta naomba wakukute nayo. Yote mawili, kwa wakati mmoja."

"Sawa," nikasema.

"Sawa? Hilo ndilo neno lako? Nitukane basi!"

"Sina cha kukutukania."

"Mungu wangu, Bodil. Mimi dawa zitanitia ganzi kwenye vidole, wameshaniambia. Wewe ganzi imekushika wapi?"

Nilitazama mashamba. Yalikuwa yamelimwa, meusi, na shakwe walikuwa wanatembea kwenye matuta.

Dawa za saratani za kutundikiwa zilianza Oktoba, na kwa kuwa Solvej aliishi peke yake tangu talaka yake, tulimleta kwetu, chumba cha juu. Kweli vidole vyake vilikufa ganzi. Hakuweza kushika kijiko cha chuma kilichotoka baridini, hakuweza kufungua friji bila glovu, na ile fjord yake ya Januari ilibaki kuwa kitu cha kutazama kwa dirisha. Chakula chake cha zamani hakikupita. Harufu ya sukuma wiki ilimpeleka mbio kwenye beseni. Dengu alizitazama kama zimemtukana.

Siku moja nilipanda na supu, akaisukuma pembeni. "Unajua ninachotaka?" akasema. "Usicheke."

"Sicheki."

"Medister. Iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, na haradali, na mchuzi mweupe, na viazi. Kama ile ya baba."

Nilimpigia simu mtaalamu wa lishe wa wodini. Akasema mgonjwa anayepungua uzito ale kinachopita, kwa sasa si wakati wa kubagua. Kwa hiyo nikashuka, nikawasha jiko.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshaandikishwa. Daktari Brøns alikuwa anatafuta watu waliokatwa vinyama, wakubali kubadili chakula na kuleta choo chao mara kwa mara ili atazame bakteria wanavyogeuka. Aliponiuliza nilisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema hapana. Nyama nyekundu kidogo sana, ya moshi hata kipande hapana. Rai, oti, maharage, njegere, kabichi ya kuchachua. Vikopo vya choo vilikaa kwenye jokofu la kugandisha hadi siku ya kupeleka, na Verner alibandika karatasi mlangoni: SOMA KWANZA NDIPO UYEYUSHE.

Basi ndivyo tulivyokaa mezani majira yale yote ya baridi, nyuso mbili za aina moja, moja imenyauka na kofia ya sufu, nyingine na mashavu yake. Mbele ya Solvej medister inayochuruzika mafuta. Mbele yangu bakuli la njegere za manjano na kipande cha mkate wake ule ule wa kuvunjia madirisha. Verner alikaa katikati, hajui achukue upande gani, akala vyote.

"Tafuna," Solvej aliniambia. "Huo hauteremki wenyewe kama mafuta."

"Natafuna."

"Mara thelathini. Mimi nilikuwa natafuna mara thelathini." Akachovya soseji kwenye haradali. "Leo umepunguza pilipili manga."

"Siwezi kuonja sawasawa. Naweka ulimini halafu natema."

"Mchinjaji anayetema. Baba angekufukuza." Alikula polepole, akifumba macho. "Miaka arobaini, Verner. Miaka arobaini nilipita mbele ya duka la huyu mtu nimeziba pua ili nisitamani. Mnajua? Si kwamba sikuipenda."

"Sisi tulidhani inakutia kichefuchefu," Verner akasema.

"Ilikuwa inanitoa mate!"

Akacheka hadi akakohoa. Nilimpa maji ya vuguvugu. Ningetaka kusema kwamba nilicheka naye, au kwamba niliinuka nikaenda jikoni kulia, kama watu wanavyofanya. Nilikuwa nahesabu muda wa dawa yake ya kichefuchefu. Mwili wangu ulifanya yote yaliyotakiwa. Ulipika, ulibadilisha shuka, ulifungua duka asubuhi. Nilikuwa kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani aliyesafiri: maua yanamwagiliwa, barua zinaokotwa, lakini mwenye nyumba hayupo.

Kitu kimoja tu kilinishtua, nacho kilikuwa gesi. Wiki za mwanzo tumbo lilinguruma kama trekta. Nilikuwa nahudumia wateja nimebana miguu. Solvej alifurahi kuliko alivyofurahia lolote majira yale. Alikuwa anabisha sakafu kwa fimbo kutoka juu: "Nimesikia hiyo!"

Kabla ya Krismasi daktari Brøns alituita sote wawili, akageuza kompyuta yake tuone. Palikuwa na michoro ya rangi, upande mmoja bakteria wangu wa kabla, upande mwingine wa sasa. Wale wanaotengeneza ile asidi ya kutuliza ukuta walikuwa wameongezeka sana. Wale wengine walikuwa wamepungua. Alisema mabadiliko yalionekana upesi, wiki mbili tu tangu nibadili chakula.

"Wiki mbili?" Solvej akauliza.

"Ndiyo. Ni viumbe wanaofuata kinacholetwa mezani."

"Kwa hiyo hawana uaminifu. Dada yangu amewalisha maisha mazima, wanamsaliti kwa bakuli la njegere."

"Na akirudia soseji, watarudi vilevile," daktari akasema. "Hilo ndilo ningependa alisikie."

"Na wangu?" Solvej akauliza. "Nimekula medister tangu Oktoba. Wangu wanasemaje?"

Daktari akairudisha kompyuta upande wake. "Sijawapima wako."

"Usinidanganye kwa upole. Kwamba haina maana kuwapima?"

"Kwamba si hao watakaoamua tena," akasema. "Ni ini. Kula unachopenda, Solvej."

Solvej alitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake ametoa jibu sahihi. Tulipokuwa tunatoka alisimama mlangoni akamgeukia. "Hata hivyo, andika mahali fulani kwamba mwanamke mmoja alikula rai yake yote," akasema. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mtu atakayekuja kuuliza kwa nini yeye."

"Nitaandika," akasema. Sijui kama aliandika.

Januari madoa ya ini yalikuwa mengi, na Februari waliacha dawa. Vidole vyake vilianza kupata hisia tena, kidogo, na hilo lilimtia hasira kwa sababu sasa halikuwa na kazi. Aliniomba nimkate kucha. Nilikaa kitandani, mkono wake kwenye paja langu, nikakata. Mikono yetu inafanana mpaka kwenye kidole cha mwisho kilichopinda. Kwa muda sikujua ni upi ninaoushika na ni upi unaoshika mkasi, na nikaacha.

"Vipi?" akasema.

"Hamna kitu."

"Bodil." Aliniita kwa jina, si Bibi Soseji. "Ukimaliza huu mradi wa daktari, usiache. Usije ukanifanyia heshima ya kijinga ya kula nyama kaburini kwangu."

"Siachi."

"Na usiendelee kwa ajili yangu pia. Mimi sitaki kuwa uji wako wa asubuhi. Kula kwa sababu una matumbo, basi."

"Sawa."

"Sawa, sawa. Siku moja utasema neno lingine na mimi sitakuwepo nilisikie."

Alifariki Machi, mchana, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasio na tiba tena, Verner akiwa amekwenda kutafuta maegesho. Nilikuwa nimeshika kikombe chenye mrija. Muuguzi aliingia, akafungua dirisha kama wanavyofanya mtu akifa, akauliza kama nataka kukaa naye. Nikasema ndiyo, nikakaa. Uso wake ulikuwa wangu. Nilijiona nitakavyokuwa, na sikuogopa, wala sikutulia. Niliona tu.

Kwenye kahawa ya mazishi, ukumbi wa kanisa, watu walioingia waliniona wakashtuka. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye ndevu, aliacha sahani ikadondoka. Wanawake wa mjini walikuwa wameniomba nilete nyama za kuweka juu ya mkate, nikaleta, kama nilivyoleta kwenye misiba mingine yote. Nilizipanga na vitunguu na matango ya siki. Hakuna aliyegusa. Walisimama mbele ya meza, wakaangalia trei, wakaniangalia mimi, wakachukua jibini. Mchungaji Tage peke yake ndiye aliyekula, vipande viwili, wima, akiwa ameniangalia machoni, na nadhani alikuwa anajaribu kunifanyia wema.

Majira ya kuchipua niliacha kuvuta nyama moshi dukani. Si uamuzi mkubwa. Ile tanuri iliharibika mlango, na fundi alipokuja nikamwambia aipeleke. Mahali pake niliweka jokofu la kioo lenye saladi za maharage na kabichi ya kuchachua, mwanzoni hazikununuliwa, baadaye zikaanza kununuliwa. Medister natengeneza bado. Watu wananiuliza kama ni salama, nami nawaambia kile alichonieleza daktari: si kila siku, na kula na mkate wa rai. Wengine wanachukua, wengine hawachukui.

Mwaka ulipopita walinirudisha kwenye kamera. Maji yale ya dawa, safari hii ukumbini hakukuwa na mtu. Dawa ya kutuliza niliikataa. Skrini ile ile, mikunjo ya waridi, kona baada ya kona. Daktari Brøns alikwenda polepole sana. Mahali pale palipokuwa na kile kinyama kipana palibaki kovu jeupe, dogo, lililonyooka.

"Safi," akasema. "Sioni kitu. Umekula vizuri."

"Yeye pia alikula vizuri," nikasema.

"Najua."

Alizima skrini, akasema tutaonana tena baada ya miaka mitatu.

Verner alikuwa anangoja garini, injini inawaka, joto limefunguliwa mpaka mwisho. Aliniuliza kwa macho.

"Safi," nikamwambia.

Alishika usukani. Halafu bega lake moja likaanza kuruka, halafu la pili, na mume wangu, ambaye ameendesha malori ya nguruwe hadi Hamburg na kurudi bila kulalamika, akalia kwa sauti kama ng'ombe. Alilia kwa ajili ya Solvej, nadhani, na kwa ajili yangu, na pengine kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi. Gari la nyuma yetu lilipiga honi likitaka nafasi yetu. Nilimpa kitambaa. Nilimpapasa goti, nikangoja kuona kama na kwangu kutatokea kitu. Macho yaliwasha kidogo. Ndiyo hivyo tu.

"Siwezi kuendesha," Verner akasema.

"Hama basi," nikamwambia. "Naendesha mimi."

Tukabadilishana viti kwenye mvua, nikarekebisha kioo, nikatoka taratibu kwenye maegesho.